Popo wa Darini na Mbayuwayu wa Wayani

Wengi wetu hapa shuleni tulimjua popo kwa harufu yake kabla ya kumjua kwa sura. Mwanafunzi mgeni akiingia bwenini siku ya kwanza hunusa, hukunja uso, huuliza, "Ni nini hicho?" nao wenyeji humjibu kwa kidole tu, wakionyesha dari. Hana haja ya kuambiwa zaidi. Jioni atasikia mwenyewe mikwaruzo na milio ya ugomvi juu ya kitanda chake. Mbayuwayu yeye hana adui hata mmoja katika shule hii. Hukaa juu ya waya za umeme mbele ya jikoni, koo lake jekundu na mgongo wake wa buluu unaong'aa, na kila apitaye na sahani yake humtazama kwa furaha.

Nataka kuandika habari za viumbe hawa wawili pamoja, nikiwalinganisha, kwa kuwa nina deni kwa mmoja wao. Deni lenyewe nitalieleza mahali pake. Bwana Mhariri amenipa kurasa chache, nami nitajitahidi nisizidishe.

Mwezi wa pili mwaka jana mbayuwayu mmoja aligonga kioo cha dirisha la maabara akafa palepale. Juma lile lile tulipata maiti za popo kutoka dari ya bweni. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alivaa glavu za mpira, akawalaza ndege mmoja na popo mmoja juu ya meza, ubavu kwa ubavu, akatuambia tuandike kila tofauti tuionayo. Mimi niliandika tofauti kumi na saba, nikafikiri kazi nimeimaliza. Daftari liliporudi, chini yake palikuwa na maneno matatu kwa wino mwekundu: "Na walivyofanana je?"

Basi nikarudi mezani. Mizani ilionyesha mbayuwayu gramu 18 na popo gramu 25. Tulipowanyosha mabawa, ncha hata ncha, walipishana kwa upana wa kidole tu. Mabawa yenyewe kwa wote wawili ni marefu na membamba, yaani ni mabawa ya kiumbe arukaye kwa kasi mahali pa wazi, si ya kiumbe apenyaye vichakani. Vinywa vyao vyafunguka sana kuliko vichwa vyao vinavyoonyesha. Mwalimu alipofungua matumbo, katika la mbayuwayu tulikuta nzi na kumbikumbi, na katika la popo vipande vya magamba ya mende wa mashamba vilivyotafunwa vikawa kama ugoro. Wote wawili hula wadudu warukao, na huwala wao wenyewe wakiwa wanaruka. Shamba lao ni moja, nalo ni anga ya juu ya uwanja wetu wa mpira. Mmoja hulilima mchana na mwenziwe usiku.

Kabla sijaendelea yafaa niseme ni popo gani na ni mbayuwayu gani, maana majina haya yana watu wengi. Ulimwenguni mna aina zaidi ya 1,400 za popo, hata katika kila aina tano za wanyama wanyonyeshao moja ni popo. Yule mkubwa mwenye uso kama wa mbwa, alaye maembe na mapapai, siye ninayemsema. Wetu ni mdogo, rangi ya kahawia, masikio mapana yaliyoinamia mbele kama ukingo wa kofia, midomo yenye makunyanzi, na mkia uliotokeza nje ya ngozi kama mkia wa panya. Kwa mkia huo ndipo wataalamu waijuapo jamaa yake. Jina lake la kitaalamu ni Mops condylurus, naye aonekana katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara. Asili yake ni mashimo ya miti na nyufa za majabali. Watu walipoanza kuezeka kwa bati, yeye aliona amejengewa. Chini ya bati mchana joto hupita digrii 40 za sentigredi, nalo ni joto la kumwua mnyama mwingine wa kimo chake. Yeye huuacha mwili wake upate joto pamoja na nyumba, hutulia, na jioni hutoka mzima. Wataalamu wamempima katika mapaa ya namna hiyo huko Afrika Kusini.

Mbayuwayu wetu wa wayani ni yule aitwaye Hirundo rustica. Watu wa Ulaya humhesabu kuwa ndege wao, nasi twamhesabu kuwa wetu, na kila upande una haki nusu. Hutaga na kulea makinda Ulaya na Asia. Baridi ya huko ikikaribia hushuka Afrika. Kwetu hufika kati ya Septemba na Oktoba, na mwezi wa Machi na Aprili huanza kwenda zake. Viota vya udongo mnavyoviona chini ya varanda za madarasa si vyake. Hivyo ni vya jamaa zake wengine wakaao nchini mwaka mzima. Huyu hajengi kwetu. Kwetu hula, hulala, na hubadili manyoya. Yule wa mezani alikuwa na unyoya mmoja mrefu wa mkia, na wa pili ulikuwa bado unachipuka ndani ya ala yake, kama jani la mgomba lisilofunguka.

Safari hiyo ya mbayuwayu watu hawakuiamini upesi. Walikuwako wataalamu wakubwa wa Ulaya waliofundisha kwamba mbayuwayu hukaa majira ya baridi wamejizika katika matope ya maziwa. Mwaka 1911 mtu mmoja jina lake John Masefield, mwanasheria wa Staffordshire huko Uingereza, alimvika mbayuwayu pete nyepesi mguuni. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege yule alikamatwa katika shamba moja Natal, Afrika Kusini, na pete yake mguuni. Ni mwendo wa kilomita kama 10,000, nao ulifanywa na kiumbe ambaye uzito wake waweza kutumwa kwa stempu moja. Karibu na mji wa Durban kuna bonde la matete ambamo katika majira hayo wamepata kulala mbayuwayu waliokadiriwa kufika milioni tatu, na uwanja mpya wa ndege uliofunguliwa jirani mwaka 2010 uliwekewa rada ya kuyatazama makundi yao yasije yakagongana na ndege za abiria.

Popo wetu hana habari za namna hiyo. Habari zake ni za usiku mmoja, dari moja, na mji mmoja. Labda ndiyo maana watu wamemtungia mambo. Sote tumesikia hadithi ya vita vya ndege na wanyama, jinsi popo alivyowaambia hawa kuwa ana mabawa na wale kuwa ana meno, akaishia kukataliwa na pande zote mbili. Na mwaka 1995 huko Unguja na Pemba watu wengi walilala nje ya nyumba zao, familia nzima, kwa hofu ya kitu kilichoitwa popobawa. Sisemi kwamba hofu ile haikuwa ya kweli kwa waliokuwa nayo. Nasema tu kwamba kati ya viumbe vyote vyenye mabawa, jina lililochukuliwa kubebeshwa mzigo ule lilikuwa la popo.

Kwa elimu hakuna ubishi ni wa upande gani. Popo ana nywele, ana meno, huzaa, hunyonyesha, ni mnyama. Bali bawa lake ni jambo la kutazamwa vizuri. Mbayuwayu mkono wake umepunguzwa: vidole vimeungana na kupungua, na kazi ya kukamata hewa imeachiwa manyoya. Popo mkono wake umekuzwa. Fungua kiganja chako, ndugu msomaji, ufikiri vidole vinne vimerefuka hata vikakupita wewe mwenyewe kimo, na kati yake imetandwa ngozi nyembamba kama kitambaa cha mwavuli, ngozi hiyo ikashuka mpaka kifundo cha mguu. Kidole gumba tu kimebaki huru na ukucha wake, cha kujishikizia na kupandia. Mwalimu alishika bawa mbele ya balbu, tukaona mishipa ya damu imetandaa ndani yake kama mito katika ramani. Bawa la ndege halina uhai wa namna hiyo; unyoya ukivunjika hungoja zamu yake ya kung'oka. La popo likitoboka hufunga kidonda lenyewe, na kwa kuwa vidole viko ndani yake, popo aweza kulikunja na kulipinda hewani kwa namna ambayo ndege hawezi.

Kwa pumzi na mifupa ndege amemshinda. Mifupa yake mingi ina uwazi ndani, na mapafu yake yana mifuko ya hewa iliyotandaa mwilini, hata hewa mpya hupita mapafuni kwa njia moja badala ya kuingia na kurudi palepale kama yetu. Popo hupumua kama sisi. Mapafu yake ni makubwa na moyo wake ni mkubwa kwa kimo chake, basi.

Lakini jambo lililonishika mimi, nikakosa usingizi kwa ajili yake, ni la jinsi kila mmoja amwonavyo mdudu.

Mbayuwayu huona kwa macho, na macho yake si kama yetu. Sisi nyuma ya jicho tuna doa moja la kuonea kwa ukali. Yeye ana mawili katika kila jicho, moja la kutazama kando na moja la kutazama mbele. Kwa hiyo hupita juu ya majani kwa kasi, anaona nzi wa kando na wa mbele kwa pamoja. Jua likitua, kazi yake imekwisha.

Popo si kipofu, wala asitukanwe hivyo, lakini gizani macho hayamfai kwa windo dogo. Mwaka 1793 mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwapofusha popo akaona wanaendelea kuruka bila kugonga nyuzi alizozitundika chumbani. Bundi wake katika giza kabisa aligonga kila kitu. Muda si mrefu Louis Jurine wa Geneva akawaziba popo masikio, nao wakaanza kugonga. Watu wakacheka: mnyama atazamaye kwa masikio? Jambo likalala zaidi ya miaka mia na arobaini. Mwaka 1938 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Donald Griffin, aliwapeleka popo wake mbele ya chombo kilichotengenezwa na Profesa G. W. Pierce cha kunasa sauti nyembamba kupita kiasi cha sikio la mtu. Popo waliodhaniwa kuwa kimya walikuwa wanapiga kelele muda wote. Baadaye yeye na mwenzake Robert Galambos wakathibitisha kwamba popo hupiga sauti, husikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi hujua kilicho mbele.

Tufanye hesabu. Sauti hewani huenda mita 340 kwa sekunde. Mdudu akiwa mbele ya popo mita 3 na sentimita 40, sauti itakwenda na kurudi mita 6 na sentimita 80, nayo itachukua sehemu ya hamsini ya sekunde. Popo hupima muda huo, na mara moja hupima tena, na kila mara jibu likija mapema zaidi ajua kwamba anakaribia. Akiwa karibu kabisa hupiga sauti zaidi ya mia kwa sekunde, mfululizo, hata katika chombo cha kusikilizia zasikika kama kitambaa kinachochanwa.

Kwa nini basi sauti iwe nyembamba hata sisi tusiisikie? Hilo nilimwuliza mwalimu, naye akanijibu kwa swali: jiwe dogo likiwa baharini, wimbi kubwa hufanya nini likifika hapo? Nikasema hulipita tu. "Na kiwimbi kidogo cha bakulini?" Nikaelewa. Sauti ya mtu yenye mitetemo 340 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita moja. Itampita nondo kama wimbi la pwani lipitavyo kokoto. Sauti ya mitetemo 34,000 ina wimbi la sentimita moja, nalo likimgonga nondo hurudi. Sikio la mtu huishia kama mitetemo 20,000. Ile kelele ya darini tunayoisikia sisi siyo ya kuwindia. Hiyo ni mazungumzo yao na ugomvi wa nafasi. Wako nondo wenye masikio ya kuisikia sauti ya popo, nao waisikiapo hujiangusha chini kama waliopigwa. Nimeyaona hayo chini ya taa ya lango kuu mara mbili, na mara zote mbili popo alikosa.

Kwa uimbaji mbayuwayu ni wa jamaa ya ndege waimbao, ingawa wimbo wake ni mnong'ono wa haraka haraka unaomalizika kwa mlio kama wa kerezo. Koo la kuimbia la ndege haliko juu kama letu, liko chini, pale bomba la pumzi ligawanyikapo mara mbili kuingia mapafuni. Kwa hiyo ndege mwimbaji aweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Na wimbo hujifunza. Katika miaka ya 1950 William Thorpe wa Cambridge aliwalea makinda wa ndege mwimbaji mwingine wa Ulaya pasipo kusikia wakubwa wao, nao wakakua wakiimba wimbo mbovu usio na mpango. Nilipoyasoma hayo niliandika katika daftari kwamba hapa ndege amemwacha popo mbali. Imenibidi kufuta. Huko Panama wataalamu walitangaza mwaka 2021 kwamba watoto wa aina moja ya popo hubwabwaja kama watoto wachanga wa watu, wakijaribu silabi za wakubwa wao. Na huko Texas madume wa popo wenye mkia uliotokeza, jamaa ya huyu wa darini kwetu, huimba nyimbo zenye mafungu na mpangilio kuwaita majike. Basi huenda ile tunayoiita kelele ina maneno ndani yake.

Baada ya hayo mimi na mwenzangu mwenye saa tulianza kukaa jioni chini ya tangi la maji, jioni ishirini na moja kwa jumla. Mbayuwayu wa mwisho aliondoka juu ya uwanja saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi, wakaelekea bondeni kwenye matete. Popo wa kwanza alidondoka kutoka ukingo wa paa kati ya saa moja kasoro dakika tano na saa moja na dakika tano. Nasema alidondoka kwa kuwa hawezi kupaa kutoka chini kwa urahisi kama ndege. Mabawa membamba yataka mwanguko kwanza. Jioni tatu tu, zote zenye mawingu mazito, tuliwaona wote wawili angani kwa pamoja. Hawakugusana. Mbayuwayu walikuwa chini karibu na majani, popo juu ya miti, kama walinzi wawili wanaopokezana lindo bila kusalimiana.

Jioni moja tulihesabu popo 312. Kwa gramu 25 kila mmoja ni kilo 7 na gramu 800 za popo. Popo alaye wadudu aweza kula hata nusu ya uzito wake kwa usiku. Tukimhesabia theluthi tu, wetu walikula kilo mbili na gramu mia sita za wadudu kila usiku. Hapa sitaki kumpa sifa isiyo yake. Wengi husema popo hutumalizia mbu. Huyu wetu hupenda zaidi mende wa mashamba, kunguni wa mimea na nondo, nao ndio adui wa mkulima. Huko Eswatini wataalamu waliwafungia popo wa aina hii redio ndogo wakawafuata usiku, wakaona kwamba wanapenda kuwinda juu ya mashamba ya miwa.

Sasa nafika kwenye deni.

Sisi wa bwenini tulikuwa tumechoka. Mavi yalidondoka vitandani kwa nyufa za dari, na mwenzetu mmoja mwenye pumu alikuwa halali. Jumamosi moja tukaamua kuziba. Tulijiona werevu: tusizibe mchana popo wakiwamo, tuzibe usiku wakiwa wametoka wote. Mimi ndiye niliyepanda ngazi. Nilisukuma magunia ndani ya upenyo wote nyuma ya ule ubao ambao mafundi wauita fishabodi, nikagongomea mbao juu yake, na wenzangu wakapiga makofi chini.

Yapata saa tatu popo wakaanza kurudi. Walikuja kwenye ubao, wakajigonga, wakazunguka, wakaja tena. Tulicheka. Kisha tukasikia milio darini, ambako hapakupasa kuwa na mtu. Usiku ule milio iliendelea mpaka alfajiri, na huko nje nako mabawa hayakunyamaza. Usiku wa pili ilikuwa hivyo hivyo. Usiku wa tatu ikawa michache. Siku ya tano harufu ilikuwa imepita ile ya zamani, na funza wakaanza kuanguka vitandani. Mwalimu aliamuru dari ifunguliwe. Tulitoa watoto sitini na wanne, wengine wangali uchi bila nywele, na wakubwa wachache waliokuwa wamenaswa pamoja nao. Yule wa mezani alikuwa mmoja wa hao wakubwa.

Hapo ndipo tofauti iliyo kubwa kuliko zile kumi na saba zangu. Mbayuwayu hutaga mayai manne au matano, huyalalia majuma kama mawili, na majuma matatu baadaye makinda huruka. Kisha aweza kutaga tena, hata mara ya tatu katika majira yale yale. Hufa upesi: wastani wake haufiki miaka minne. Popo wetu huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Huko Malawi wataalamu wameona kwamba aina hii huzaa mara mbili kwa mwaka, na hiyo kwa popo ni mara nyingi. Mama hubeba mimba kubwa huku akiruka na kuwinda kila usiku, na akizaa hunyonyesha mpaka mtoto mabawa yake yatoshe. Yeye kwa kuzaa kidogo amepewa umri: huko Siberia popo mmoja mwenye uzito wa gramu saba hivi alivikwa pete mwaka 1964 akakamatwa tena mwaka 2005, miaka 41 baadaye. Kiota cha mbayuwayu kikianguka, mwezi ujao kitajazwa. Dari moja ikizibwa kwa ujinga, kama nilivyofanya, hasara yake haijazwi kwa msimu mmoja.

Sisemi kwamba popo aachwe juu ya vitanda vya watu. Nisingependa mtu asome makala hii kisha akamshika popo kwa mkono mtupu. Popo waweza kuwa na kichaa kile kile cha mbwa. Vumbi la mavi yao makavu laweza kuwa na ukungu unaodhuru mapafu. Na katika aina hii hii ya popo, mwaka 2018 huko Sierra Leone, kulitangazwa kirusi cha jamaa ya Ebola kilichopewa jina la Bombali. Baadaye kilipatikana kwa popo wa Kenya pia, katika milima ya Taita. Haikujulikana kwamba kimemwua mtu, lakini ndiyo sababu mwalimu alivaa glavu, na ndiyo sababu aliyeumwa au kukwaruzwa na popo apaswa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni na kwenda hospitali siku ile ile, hata kama alama ni kama ya sindano.

Muhula huu uongozi wa shule umeamua dari za mabweni yote mawili zisafishwe na kuzibwa. Tuliomba kazi ifanywe kwa njia nyingine, na ombi letu likakubaliwa. Kwanza, kila jioni kwa juma zima, popo wakubwa wakisha kutoka, watu wawili husimama kimya chini ya dari wakisikiliza. Milio ikisikika, kuna watoto, na kazi inangoja. Kukiwa kimya usiku zote saba, juu ya kila tundu hutundikwa wavu laini, umekazwa juu na kando lakini chini umeachwa wazi. Popo akitoka hutambaa chini ya wavu akadondoka; akirudi hujaribu pale pale tundu lilipo, akakuta wavu, asiweze kuingia. Baada ya siku kadhaa hakuna aliyebaki ndani, ndipo waya na saruji vinapowekwa. Mavi yanalowanishwa kwa maji kabla ya kuzolewa, wazoaji wakiwa wamefunga pua na mdomo, na kupelekwa shimoni kwa bustani ya mboga.

Wenzetu wa useremala wametengeneza masanduku manne ya mbao zisizopigwa randa, membamba, yenye mlango chini, na mafundi wakayapandisha juu ya nguzo nyuma ya maabara. Bweni la kwanza limekwisha kuzibwa. La pili bado lina milio. Tulisikiliza juzi, na wavu umerudishwa stoo.

Mbayuwayu walipungua wayani tangu mwisho wa Machi, na tarehe 11 Aprili niliona mmoja tu, mkia wake mrefu umekamilika pande zote mbili. Chini ya sanduku la tatu kulikuwa na mavi mapya asubuhi ya Jumatatu. Jioni yake tulikaa tena chini ya tangi, na saa moja kamili wakadondoka popo saba.